Kiota Upande wa Kushoto

Deraya huvaliwa kuanzia miguuni. Siwema alilijua hilo tangu utotoni, kwa kuwa baba yake alikuwa fundi wa deraya, na babu yake vilevile, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi wa saba kuishika nyundo ile. Lakini kujua kwa mkono ni jambo moja, na kujua kwa goti ni jambo jingine kabisa. Sasa alikuwa amesimama katikati ya chumba kidogo kilichopakana na Uwanja, amevaa koti la pamba lililoshonwa tabaka juu ya tabaka, ameitanua mikono, na wifi yake Mwantumu alikuwa amepiga magoti mbele yake akimfunga bamba la kwanza kwenye muundi wa mguu. Miaka yote ile ya kufua chuma, kukikunja na kupigilia ribiti za kuunganisha mabamba, hakuwahi hata siku moja kujiuliza inakuwaje kuwa upande wa ndani. Hakukuwa na sheria iliyomkataza fundi kuvaa. Ni kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo, na katika mji ule jambo lisilofikiriwa lilikuwa na nguvu kuliko lililokatazwa.

Mwantumu alimwambia asimame sawasawa, kwani chuma kimekatwa kwa miguu ya binadamu, si hiyo miguu yake ya kuku. Siwema akamjibu kwamba ni kweli, miguu ya kinu walijaaliwa wao wa ukoo wa mumewe, ndiyo maana kaka yao ameweza kusimama muda wote huo bila kukaa. Wakacheka kidogo, kisha wakaacha kwa pamoja, kwa sababu huyo kaka ndiye aliyekuwa akisubiri nje, na ndiye ambaye Siwema alikuwa anavalishwa ili akapigane naye.

Mji ule haukuwa na jina, au ulikuwa nalo likachakaa kwa kutajwa. Katikati yake palikuwa na Uwanja wa mchanga, na katikati ya Uwanja alisimama mtu ndani ya deraya kamili ya mabamba, kuanzia chapeo hadi vidole vya miguu, na mtu huyo ndiye aliyetawala. Aliitwa Bwana Yule. Watu walimpelekea mashauri yao ya mipaka, ya ndoa na ya maji, wakasema mbele yake walichonacho, naye hakujibu kitu. Karani aliyekaa pembeni na kitabu ndiye aliyeutafsiri ukimya wake. Kila aliyeingia ndani ya chuma kile aliitwa Bwana Yule, na jina lake la awali likaachwa kwenye chumba hiki kidogo pamoja na viatu vyake. Chande, mume wa Siwema, aliviacha hapa viatu vya ngozi ya mbuzi, na bado vilikuwepo chini ya benchi, vimepinda kisigino upande alikozoea kuegemea.

Deraya zilikuwa mbili tu mjini, na daima zilikuwa mbili, moja ya Bwana Yule na nyingine ya mjaribu. Hakuna aliyejua ya kwanza kabisa ilitoka wapi. Mji haukuwahi kuwa na farasi wala vita. Kwenye kifua cha kila deraya, upande wa kulia, palikuwa na ndoano nene ya chuma ambayo hakuna fundi aliyejua kazi yake. Waliinakili tu, kizazi hadi kizazi, mpaka mwerevu mmoja alipopata wazo la kutundika hapo funguo za mji. Kila fundi katika uhai wake alitengeneza jozi moja mpya kwa kuifuatisha ile ya zamani bamba kwa bamba, tundu kwa tundu, na ile ya zamani ikazikwa. Kwa hiyo kilichosimama Uwanjani kilikuwa nakala ya nakala ya nakala, na uaminifu wa mafundi ndio uliokuwa dini ya mji.

Na katika uaminifu huo hakuna kilichoheshimiwa kama Kiota. Kiota kilikuwa shimo lililozama kwenye bamba la kifua, upande wa kushoto, lenye upana wa kibakuli cha uji, kina cha vidole viwili, na chini yake ufa mwembamba kama ukucha. Wazee wa kazi walisema hapo ndipo moyo wa Bwana Yule unapolalia. Sehemu nyingine zote za deraya Siwema aliweza kuzifua kwa wiki, lakini Kiota peke yake kilimla siku tatu: kulizamisha bamba polepole juu ya kisiki bila kulipasua, kisha kulipasua pale tu panapotakiwa. Baba yake alipokuwa anakata roho alimshika mkono akamsifu kwa Kiota chake. Hakumsifu kwa kingine. Na Siwema, tuseme ukweli, alivimba kichwa kwa sifa ile, akatembea mjini siku nyingi akidhani kila mtu anamtazama.

Ndivyo hasa Chande alivyoingia ndani ya deraya. Siwema alipotengeneza jozi yake, alihitaji mwili wa kupimia, na mwili uliokuwa karibu ulikuwa wa mumewe. Akampima shingo, kwapa, kiuno na paja, akakata chuma kwa vipimo hivyo, na Chande, mtu mwenye mdomo na mapenzi yasiyojua kujificha, akaenda kila baraza akitangaza kwamba haijapata kutokea deraya kama ya mke wake. Siku ya kuikabidhi akasema ataivaa yeye, mji uone. Bwana Yule wa wakati huo alikuwa mzee aliyekwisha choka. Chande alimgusa tu bega, mzee akaanguka. Chande akahamishiwa kwenye deraya mpya ya utawala, akacheka ndani ya chapeo, akamwambia mkewe kwamba atakaa wiki moja tu, watu wakishiba kuitazama atatoka.

Tangu hapo muda ukaharibika. Asubuhi nyingine Siwema aliamka ikiwa imepita miaka kumi na moja, mvi zimemjaa, paa linavuja; asubuhi nyingine aliamka ikiwa ni wiki ya tatu tu, na mto wa mumewe bado una harufu ya mafuta ya nazi. Alizoea kutouliza leo ni ipi. Alichokuwa nacho ni swali jingine lililomfuata mpaka kisimani. Anayetawala ni mtu, au ni chuma? Kama ni mtu, mbona wanabadilishwa na hakuna kinachobadilika, kodi ni ileile na ukimya ni uleule? Na kama ni chuma, basi kinamtakia nini mtu wa kukaa ndani yake, si kingesimama chenyewe kama mnara? Alilipeleka swali hilo kwa Bwana Yule siku moja, kwenye foleni kama raia wengine, akalisema mbele ya kile kitundu cha macho alichokikata mwenyewe kwa tindo. Karani akatafsiri kwamba shauri limeahirishwa. Siwema akarudi nyumbani akilia kwa hasira, kwa kuwa nyuma ya kitundu alikuwa ameyaona macho ya Chande, na macho yale hayakumtambua.

Kulikuwa na njia moja tu ya kumtoa. Bwana Yule hutoka akiangushwa na mtu aliyevaa deraya kama yake, na anayemwangusha hubaki ndani badala yake. Mjaribu akianguka, huvuliwa akarudi kwake na haruhusiwi kujaribu tena maisha yake yote. Watu tisa walikuwa wamejaribu baada ya Chande kuingia, vijana wenye misuli na mmoja mbeba mawe, na wote tisa walianguka chini wenyewe kabla ya kupigwa pigo la maana, na kila mara Karani alitangaza kwamba deraya imewakataa. Kwa hiyo Siwema alijua anachokiendea. Akishindwa, amempoteza mumewe moja kwa moja. Akishinda, Chande atarudi kwenye nyumba isiyo na mke. Alikuwa amelipima hilo muda mrefu na kuamua kwamba la pili anaweza kulibeba.

Mwantumu alikuwa amemaliza mapaja na kiuno. Alivuta bamba la mgongo na la kifua, akayakutanisha, akafunga mikanda ya mabegani, kisha ile ya ubavuni, akaikaza mpaka tundu la mwisho, kwani wajaribu wote waliotangulia walikuwa wanene kuliko huyu. Siwema akahisi kitu kikimkaa ubavuni, chini ya ziwa la kushoto, kama goti la mtu. Akadhani ni koti limekunjamana. Akavuta pumzi ili aliweke sawa, na pumzi ikafika nusu ikagoma.

Alimwomba wifi yake alegeze kidogo. Mwantumu akamwambia hata mikono hawajaanza, sasa ataomba kulegezewa mara ngapi, akalegeza tundu moja, na haikusaidia kitu. Hapo Karani akaingia na yai.

Huo ndio uliokuwa utaratibu. Mjaribu hulazwa chali juu ya mkeka, Karani huweka yai la kuku ndani ya Kiota, kisha husoma sheria kutoka mwanzo hadi mwisho. Yai likitulia, deraya ni halali. Likitikisika au kubingirika, deraya ni batili, na fundi huadhibiwa. Siwema alikuwa ameshuhudia kipimo hicho mara nyingi akiwa amesimama pembeni, na mara zote alikuwa akilitazama yai kwa majivuno ya mzazi. Safari hii alikuwa chini yake. Karani alisoma, sauti yake kavu, na Siwema aliliangalia yai jeupe lililotulia kwenye kifua chake, halipandi, halishuki. Aliliangalia kwa muda mrefu. Akajaribu kulitikisa kwa makusudi, akavuta hewa kwa nguvu zake zote, na mbavu zikaugonga ule mwinuko wa ndani zikarudi. Yai halikujua hata kama yuko hai.

Karani alifunga kitabu, akachukua yai lake, akasema kila kitu ni halali, akatoka. Siwema alibaki chali. Akapeleka kidole kwenye Kiota, akakizungusha ukingoni, akashuka mpaka kwenye ule ufa wa chini, ufa ambao alikuwa amejifunza kuupasua kwa miaka sita na kuharibu mabamba kumi na manne. Alikuwa ameugusa mara elfu akiwa nje. Alikuwa hajaugusa huku unamgusa.

"Wifi," akasema, "mtu alipigwa hapa."

Mwantumu alidhani ameanza kuweweseka kwa joto. Akamwambia asiseme maneno kama hayo, hicho ni Kiota, moyo unalalia hapo, hata watoto wanajua.

"Ni bonyeo. Wa kwanza kabisa alipigwa na kitu hapa, chuma kikabonyea, kikapasuka. Fundi akaambiwa atengeneze nyingine kama ile, akatengeneza kama ile."

Mwantumu alikaa chini kwenye benchi, akaviangalia viatu vya kaka yake, kisha akahesabu mafundi kwa vidole kuanzia wa kwanza, akafika kwa wifi yake na kidole kikabaki hewani. Aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo si yake, kama na ile ya Chande iko hivyo hivyo. Siwema akamjibu kwamba ile ya Chande ndiyo nzuri zaidi. Ile ndiyo iliyosifiwa. Aibu ilimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni, na ndani ya chuma haikuwa na pa kutokea.

Sasa aliwaelewa wale tisa. Hakuna deraya iliyomkataa mtu. Uzito haukuwa kitu, uzito umegawanywa mwili mzima na mtu anaweza kukimbia nao. Tatizo ni kwamba mtu anayepigana anahitaji hewa ya watu wawili, na hawa walipewa nusu ya mmoja. Wakazimia. Na Bwana Yule alishinda kwa kuwa hakupigana. Alisimama tu. Alikuwa amejifunza kuvuta pumzi ndogo ndogo za kijiko, moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka, pumzi isiyotosha kusema neno, wala kucheka, wala kumtambua mtu. Huo ndio ukimya aliokuwa akiutafsiri Karani.

Kengele ililia. Mwantumu alisema wasiende, akakiri kwa majuto kwamba yeye ndiye aliyemshauri ajaribu, akashika mkanda kutaka kuufungua. Siwema alimzuia. Alimwomba amalizie mikono na chapeo, kisha akimbie karakana amletee nyundo yenye kichwa cha mviringo. Mwantumu aliuliza ya nini.

"Sijui bado," Siwema akasema. "Lakini sitaki iwe mbali."

Upanga ulitiwa mkononi na jambia kiunoni, chapeo ikashuka, kifuniko cha uso kikafungwa, na dunia ikabaki kuwa mstari mmoja wa mwanga.

Hatua. Mchanga. Jua limeingia kwenye chuma na halitoki. Nani anapumua? Mimi. Kelele hizi zote ni mimi. Nilidhani ndani ya deraya mtu ni mkubwa, kumbe ni mdogo, ni mdogo kama kitu kilichosahauliwa ndani ya sufuria. Wanapiga makofi? Sioni. Namwona yeye tu. Yuko pale. Goti lile nililikunja mimi, bega lile nililikunja mimi, chuma kinang'aa, nilikisugua kwa mchanga na ndimu. Jinsi kilivyo kizuri. Mungu wangu, jinsi kilivyo kizuri.

Alifika mbele yake. Bwana Yule aliinua upanga kwa uvivu wa mtu afukuzaye nzi, na pigo likatua kwenye bega la Siwema, likalia ndani ya kichwa chake kote. Upanga haukati deraya. Kila mtu mjini alijua hivyo, na hata hivyo kila mjaribu alipoteza pumzi yake ya kwanza kwa kupiga. Siwema hakupiga. Alipokea la pili kwenye mkono, la tatu kwenye chapeo, na mstari wake wa mwanga ukaanza kuingia weusi pembeni. Alijua ana hatua kama kumi. Akautupa upanga wake mchangani, umati ukaguna, akatembea mpaka ndani ya mikono ya mumewe na kumkumbatia.

Vifua viwili vya chuma vilikutana. Kutoka kwenye baraza za kuzunguka Uwanja watu hawakuweza tena kujua yupi ni yupi, kwa kuwa deraya zile zilikuwa kitu kimoja kilichotengenezwa mara mbili, na wala Siwema hakujua. Kupitia kitundu chake aliona kitundu, na ndani yake weusi, na pumzi aliyoisikia iliendana na yake, fupi, fupi, fupi. Ikamjia kwamba labda ni yeye aliyesimama hapa miaka kumi na moja, na huyu aliyemjia ni Chande, amechoka kulala peke yake, amekuja kumtoa. Wazo lile halikumtisha. Lilikuwa tamu kidogo, na utamu wenyewe ndio uliomshtua, kwa sababu alijua watu tisa walikuwa wameuonja kabla ya kuanguka. Akakumbuka Chande alivyokuwa akikoroma. Alikoroma kwa hewa ya nyumba nzima, mpaka mapazia yanavutwa, na yeye alikuwa akimpiga kiwiko usiku amwambie awaachie na majirani. Huyu asiyekoroma si Chande, ni Bwana Yule. Na mimi niliyelazwa macho na mkoromo ule ni mimi.

Mkono wake wa kulia uliteremka, ukalipata jambia kiunoni, ukapanda nalo kwenye kwapa la kushoto la Bwana Yule. Umati uliona hilo na ukasimama, kwani kwapani ndipo mahali pekee ambapo deraya haina chuma, na kisu kikiingia hapo mtu hafiki jioni. Siwema hakuhitaji kuona. Aliujua mshono ule. Chini ya kwapa, vidole vitatu, mkanda wa ngozi ya ng'ombe uliopitishwa mara mbili kwenye bizimu ya shaba, na yeye ndiye aliyeushona kwa uzi wa nta akiimba. Akapitisha ncha chini ya mkanda, makali yakitazama nje, akakata. Akashuka kwenye ule wa ubavuni, akakata tena. Bamba la kifua likaachia upande wa kushoto kama mlango.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha kutoka ndani ya chapeo ile ilitoka sauti ambayo mji haukuwahi kuisikia ikitoka kwa Bwana Yule, sauti ndefu ya kuvuta, inavuta na kuvuta, hadi Siwema alidhani haitafika mwisho. Mbavu zilikuwa zinafunguka moja moja. Hewa ilimfika Chande kichwani kama pombe kwa mtu aliyefunga. Akapepesuka, akaachia upanga, akamshika mkewe mabega, akateleza taratibu mpaka akakaa mchangani, miguu ameinyoosha mbele. Hakuna aliyempiga. Ni hewa iliyomwangusha.

Mtu mmoja barazani aliuliza kwa sauti nani ameanguka. Ilibidi Karani aje mwenyewe, ainame, atafute kwenye ndoano ni yupi mwenye funguo. Alipozikuta kwa aliyekaa chini, alizitoa, akazifuta vumbi, akazitundika kwenye ndoano ya Siwema na kuinama mbele yake, akamwita Bwana Yule.

Siwema alikuwa karibu kuanguka mwenyewe. Alifungua kifuniko cha uso kwa vidole vizito vya chuma, akasema maneno machache machache, kadiri pumzi ilivyomruhusu. Deraya ya utawala imekatika mikanda. Yeye ni fundi. Sheria inamtaka fundi arekebishe kabla ya jua kushuka, na fundi hawezi kufua akiwa ndani. Karani alifungua kitabu, akapekua, akakubali kwa shingo upande kwamba ndivyo. Mwantumu alikuwa tayari amefika, kanga imemdondoka mabegani, anahema kwa mbio, na nyundo mkononi. Akamvua wifi yake bamba la kifua, na pumzi iliyomwingia Siwema ilimtoa machozi papo hapo mbele ya watu. Hakujali. Alilia huku anavuta hewa, na vyote viwili vilikuwa raha.

Aliyaweka mabamba mawili ya kifua mchangani, kifudifudi, mgongo wa Kiota ukitazama juu: vilima viwili vidogo, ambavyo hakuna mtu wa mji aliyewahi kuviona, kwa kuwa vilikuwa upande wa mbavu. Watu wa mbele walisogea. Wengine walianza kujigusa ubavuni bila kujua.

"Karani," Siwema akasema, "bila Kiota, hii ni nini?"

Karani alikuwa mtu wa kujivunia majibu yake. Akajibu bila kufungua kitabu, akipaza sauti ili wa nyuma wasikie.

"Bila Kiota si deraya ya Bwana Yule. Bila Kiota ni bati tu."

"Asante," Siwema akasema, akapiga.

Mapigo manne kwa la kwanza. La pili, ile kazi ya kusifiwa, lilihitaji sita, na kila pigo lilimuuma kwa kuwa aliliona wazi lilivyokuwa limefuliwa vizuri. Chuma kililia kisha kikarudi mahali pake, ufa ukajifunga midomo, na bamba likawa kifua cha mtu wa kawaida. Siku tatu za kazi, na miaka sita ya kujifunza, na mafundi saba, yote yakaisha kabla chungu hakijachemka.

Karani alikuja na yai lake. Aliliweka kwenye bamba la kwanza, likabingirika. Aliliweka kwenye la pili, likabingirika mpaka kwa mwanamke mmoja aliyekuwa na kesi ya kisima, naye akaliokota, akauliza ni la nani, na alipoona hakuna anayejibu akalitia kikapuni. Karani alikaa chini na kitabu chake. Alipekua mbele na nyuma akitafuta sheria ya mji usio na deraya, kwani hata adhabu ya fundi hutolewa na Bwana Yule, na Siwema alimwonea huruma, maana alikuwa mzee na kazi nyingine hakuijua. Mwishowe alivua kofia yake, akaanza kujipepea. Watu wawili waliokuwa wakigombea mpaka tangu wiki iliyopita, au tangu ujana wao, waliangaliana, na mmoja akasema basi tuseme mti ndio alama, na mwenzake akasema hata yeye siku zote alidhani ni mti. Uwanja ukaanza kupungua watu. Ilikuwa mchana, na watu walikuwa na njaa.

Mwantumu alimvua kaka yake kilichobaki, kuanzia juu kwenda chini, akimtukana taratibu kwa kukonda, akammwagia maji kichwani kwa kata. Chini ya koti la pamba, ubavuni kushoto, ngozi ilikuwa imeingia ndani kibakuli kizima. Chande alikuwa akivuta hewa tu. Alivuta, akatoa, akashangaa, akavuta tena, kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake akiogopa watakidai. Kisha akageuka, akamwangalia Siwema kwa muda, macho yakamjia polepole kutoka mbali, yakafika.

"Wiki imeisha?" akauliza.

"Imeisha," Siwema akasema.

Angeweza kuliacha hapo. Lakini alijua kwamba wakiondoka hivi hivi, neno lile lingekaa kati yao kitandani na kubonyeza. Akapiga magoti mchangani mbele ya mumewe, akamweleza yote bila kupunguza: kwamba lile halikuwa Kiota, lilikuwa jeraha la mtu asiyemjua; kwamba lililomkaba miaka yote hii lilifuliwa na mkono wake mwenyewe, kwa siku tatu, kwa uangalifu; kwamba alijivunia. Akamaliza. Chande akanyamaza.

Siwema aliungoja ukimya ule. Kwa miaka kumi na moja, au kwa wiki ile moja, ukimya wake ulikuwa na mtu wa kuutafsiri. Sasa haukuwa na mtu ila mwenyewe, na yeye hakuwa na haraka. Alijaza kifua. Akakishusha. Akajishika ubavu, akalitazama lile bamba lililonyooka mchangani, akapitisha kiganja begani, kwapani, kiunoni, paja kwa paja, akikumbuka kila mahali alipopimwa.

"Kwingine kote," Chande akasema, "ilinikaa vizuri sana."